SOMO LA AFYA YA NYUMBANI: KUJIWEKA TAYARI KABLA YA JOTO LA KASKAZI

Kila mwaka, pepo za Kaskazi zianzapo kuvuma mwezi wa Desemba, watu wa Pwani hujua ya kuwa msimu wa joto umewadia. Joto hilo huzidi mwezi wa Februari na Machi, pepo zilegeapo wakati wa tanga mbili, kabla ya Kusi kuingia. Mjini Mombasa kipimo cha mchana hufika digrii 32 au 33 za Sentigredi. Garissa na Lodwar hupita digrii 36. Watu wengi hudharau jambo hili wakisema, "Joto hili tumezaliwa nalo." Lakini joto la miaka hii limezidi lile la wazee wetu. Mwezi wa Machi 2024, serikali ya jirani zetu wa Sudani Kusini ilifunga shule kwa sababu ya joto lililotazamiwa kufika digrii 45. Huko Ulaya, katika kiangazi cha mwaka wa 2003, ilikadiriwa kuwa watu zaidi ya 70,000 walikufa kwa joto, na wengi wao walikuwa wazee. Kwa hiyo yafaa kila mwenye nyumba ajifunze mambo haya mapema.

Jinsi joto linavyodhuru mwili

Mwili wa mtu mzima mwenye afya una joto la digrii 37 hivi. Likizidi, jasho hutoka, na jasho hilo likaukapo juu ya ngozi huondoa joto. Basi ikiwa hewa ina unyevu mwingi, kama ilivyo Pwani, jasho hutiririka bila kukauka, na mwili haupoi. Ndiyo sababu digrii 33 za Mombasa zaweza kumchosha mtu kuliko digrii 36 za nchi kavu. Na ikiwa maji ya mwili yamepungua, jasho nalo hupungua. Hapo ndipo hatari huanza.

Nyumba

Wajenzi wa kale wa Lamu waliyajua haya. Walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe, wakaacha ua katikati, na njia zao nyembamba hupata kivuli karibu mchana kutwa. Paa la makuti nalo huzuia jua na kupitisha hewa. Leo wengi wetu twakaa chini ya mabati, nayo bati hushika moto upesi na kuushusha juu ya vichwa vyetu. Basi fanyeni haya kabla ya msimu:

1. Pakeni bati rangi nyeupe au chokaa, ili mwanga wa jua urudishwe nje. Mkiweza, wekeni dari, na kati ya dari na bati mwache nafasi ya kupitisha hewa.

2. Tundikeni mkeka, jamvi au pazia upande wa nje wa dirisha lipigwalo na jua. Jua lizuiwalo nje halipati nafasi ya kupasha chumba moto.

3. Fungueni madirisha ya pande mbili zinazokabiliana, hasa usiku na alfajiri, ili upepo upite. Mahali pa joto kavu, kama Garissa, yafaa kuyafunga mchana hewa ya nje inapokuwa na joto kuliko ya ndani.

4. Hamisheni jiko nje, penye kivuli.

5. Pandeni mwarobaini au mwembe upande wa magharibi, ambako jua la alasiri hupiga. Mti hautasaidia mwaka huu, lakini watoto wenu watapumzika chini yake.

Feni husaidia, lakini hewa ikipita digrii 40 feni humpulizia mtu joto tu. Hapo hapana budi kuulowesha mwili maji.

Maji

Wekeni akiba ya maji safi, kwa kuwa mifereji hukauka mara nyingi wakati uo huo wa joto. Mtungi wa udongo uwekwao kivulini penye upepo hupoza maji bila gharama. Msingoje kiu, kunyweni kidogo kidogo mchana kutwa. Mkojo ukiwa wa rangi nzito, ni dalili ya kuwa mwili wahitaji maji. Mtoto asiyetimiza miezi sita hapewi maji, bali anyonyeshwe mara kwa mara.

Watu wa kuangaliwa

Wazee, watoto wachanga, wanawake wenye mimba, na wagonjwa wa moyo au wa figo ndio waumiao kwanza. Mzee mara nyingi hahisi kiu, naye hapendi kuwasumbua watu. Basi apewe chumba chenye hewa kuliko vyote, na mtu aende kumtazama asubuhi na alasiri. Kama jirani yako mzee akaa peke yake, mbishie hodi. Wafanyao kazi za jua kali na waanze alfajiri, wapumzike adhuhuri. Wala mtoto asiachwe ndani ya motokaa iliyofungwa, hata kwa dakika chache.

Dalili na msaada

Mtu akiumwa na kichwa, akiona kizunguzungu, akitoka jasho jingi na kulegea, mpelekeni kivulini, mlowesheni na kumpa maji. Lakini akianza kusema maneno yasiyoeleweka, au kuanguka kifafa, au kuzimia, na mwili wake una moto sana, huo ni ugonjwa wa kuua. Itisheni msaada wa hospitali mara moja, na mkiwa mwangoja mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea. Wekeni vitambaa vya maji baridi shingoni na makwapani. Asiyejitambua asinyweshwe kitu, maana kitampalia. Dawa za kushusha homa hazifai kwa joto la namna hii. Msikawie: kila dakika ya kumpoza ina faida.

Maswali ya kujadiliana nyumbani

1. Kwa nini joto lenye unyevu huchosha kuliko joto kavu?
2. Ni chumba gani cha nyumba yenu chenye joto zaidi alasiri, na nani alala humo?
3. Ni mzee gani wa mtaa wenu asiye na mtu wa kumtazama, na nani atakwenda kwake?