Feni ya Jiko la Kuni Ikikataa Kuzunguka

Somo letu la leo ni la jikoni, lakini linawahusu akina baba na vijana pia. Siku hizi katika vikundi vyetu vya Mulot, upande wa Bomet na upande wa Narok, kuna majiko ya kuni yenye feni ndogo. Feni ikifanya kazi, mama anapika na moshi ni kidogo. Ikinyamaza, jiko linawekwa pembeni, kuku wanataga ndani, na mama anarudi kwa mawe matatu.

Hiyo ni hasara mara mbili. Kwanza, pesa ya mchango imepotea. Pili, moshi umerudi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu kama milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Kwa hivyo, tusitupe jiko kabla ya kujua ugonjwa wake.

FENI INAFANYA NINI?

Moshi ni kuni ambayo haijaungua yote. Feni inasukuma hewa katikati ya kuta mbili za jiko, na hewa hiyo inatokea kwenye matundu ya juu. Hapo inakutana na moshi na kuuchoma kabla haujatoka. Ni kama mvukuto wa mhunzi: hewa ikiongezeka, moto unakuwa mkali.

TUTAFUTE UGONJWA HATUA KWA HATUA

Anza na kilicho rahisi. Hakikisha jiko limepoa na waya umechomolewa.

1. Angalia njia ya hewa. Geuza jiko uone wavu wa feni. Majivu, manyoya ya kuku, utando wa buibui na mende huziba hapo. Safisha kwa brashi kavu. Usioshe feni kwa maji.

2. Zungusha mapanga ya feni kwa kidole, polepole. Yakizunguka bila shida, nenda hatua ya tatu. Yakiwa mazito, toa uchafu kisha weka tone moja tu la mafuta ya cherehani mahali yanapozungukia. Usiweke mafuta ya kupikia, maana yanaganda kama gundi. Kama mapanga yamepindwa na joto, hiyo feni ni ya kubadilishwa.

3. Pima stima. Je, betri imejaa? Paneli ya sola imefunikwa na vumbi au kivuli cha mti? Chukua taa ndogo ya volti sawa na za feni uiunganishe pale feni inapochukua stima. Taa ikiwaka vizuri, stima inafika. Isipowaka, shida iko kwenye betri, waya au swichi.

4. Fuata waya wote kwa macho na kwa mkono. Panya hutafuna waya, na joto huyeyusha mpira wake. Washa swichi, kisha tikisa waya kidogo kidogo. Feni ikishtuka na kusimama, umepata mahali palipokatika. Angalia pia kama waya mwekundu uko kwenye chanya na mweusi kwenye hasi. Feni hizi ndogo za betri hazizunguki ukigeuza waya, na zinaweza kuharibika.

5. Jaribu feni peke yake. Iunganishe moja kwa moja na betri nzuri ya volti zilizoandikwa juu yake. Ikizunguka, feni ni nzima; shida iko kwenye betri, waya au swichi. Isipozunguka, imekufa. Feni ya volti 5 ukiipa betri ya pikipiki ya volti 12, utaiunguza mwenyewe.

Ukienda kununua nyingine, beba ile ya zamani. Linganisha volti, upana, unene, na upande inaosukumia hewa. Ukiifunga kinyume itanyonya hewa badala ya kuipuliza.

FENI INAZUNGUKA LAKINI MOSHI NI MWINGI

Hapa usilaumu feni. Uliza: kuni ni mbichi? Umejaza mpaka ukafunika matundu ya juu? Matundu yameziba kwa masizi? Wale wanaofanya kazi kwenye viwanda vya majani chai wanajua jambo hili: feni kubwa za kunyausha majani haziwezi kusaidia kama hewa haina pa kupita.

FENI INAYONGOJA JOTO

Si kila feni iliyosimama imeharibika. Majiko mengine, kama HomeStove ya kampuni ya BioLite, hutengeneza stima kutokana na joto la moto wenyewe. Na kule Ulaya na Marekani, majiko mengine ya kuni ya kupashia nyumba joto yana swichi inayoiwasha feni baada tu ya chuma kupata moto. Ngojeni kidogo kabla ya kuita fundi.

NINI HUUA FENI?

Mara nyingi ni kuizima wakati makaa bado ni mekundu. Hewa inayopita ndiyo inayoipoza feni. Ukiizima mapema, joto linashuka na kuyeyusha mapanga na waya. Acha izunguke mpaka makaa yazimike, au toa makaa kwanza.

Onyo: usilale na jiko ndani ya chumba kilichofungwa kwa sababu ya baridi, hata kama halitoi moshi. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua mtu usingizini.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Ni majiko mangapi ya kikundi chetu yamewekwa pembeni? Yaletwe kwa mkutano ujao tuyapime kwa hatua hizi tano.
2. Nani kati ya vijana wetu anaweza kufundishwa kupima waya na betri?
3. Tuweke kiasi gani kila mwezi ili tuwe na feni moja ya akiba?
4. Tutakaushia wapi kuni kabla ya mvua?

Jiko moja likifufuka, moshi umepungua katika nyumba moja. Tuanze na hilo.