Picha ya Nani? Utata wa Umilikaji katika Mawasiliano ya Wapiga Picha wa Arusi Tuala

1.0 Utangulizi

Tuala ni mji mdogo katika Kaunti ya Kajiado, kusini mwa Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, baina ya Ongata Rongai na Kitengela. Ni nchi ya Wamaasai ambayo, kwa kuwa karibu na jiji, imepokea wakazi wa lugha nyingi. Katika mazingira ya namna hii, arusi moja huweza kuunganisha jamaa wa lugha mbili au tatu, na Kiswahili kikawa daraja baina ya maarusi, mpiga picha na mwenye bustani ya kukodi. Pande hizi tatu hukubaliana mambo mengi kwa mdomo: saa ya kuanza kazi, arbuni, idadi ya picha na siku ya kukabidhi albamu. Swali moja husahaulika mpaka ugomvi uzuke: picha zenyewe ni za nani?

Makala haya yanadai kwamba sehemu ya ugomvi huo ina mzizi katika sarufi, na kwamba sarufi iyo hiyo inatoa dawa yake. Mifano ya sentensi iliyotumiwa imetungwa kwa ajili ya uchanganuzi.

2.0 Utata wa a-unganifu

Tuangalie kirai hiki: picha ya bibi arusi. Kirai hiki kina maana zisizopungua tatu:

(a) picha inayomwonyesha bibi arusi;
(b) picha inayomilikiwa na bibi arusi;
(c) picha iliyopigwa na bibi arusi.

A-unganifu huonyesha kwamba kuna uhusiano baina ya nomino mbili, lakini haitaji ni uhusiano gani. Katika kirai nyumba ya Juma, maana ya umilikaji hutangulia akilini. Katika neno picha, maana zote tatu zina nguvu, kwa kuwa picha ina mwenye sura, mwenye mali na mwenye mkono.

Vivumishi vya kumiliki havipunguzi utata huo. Maarusi husema, “Tupe picha zetu zote,” wakikusudia kila picha iliyo na sura zao. Mpiga picha hujibu, “Picha zangu ghafi siwezi kuzitoa,” akikusudia kazi ya mkono wake ambayo haijahaririwa. Mwenye bustani naye huzibandika katika tangazo la biashara akisema ni “picha za bustani yetu”. Kila mmoja amesema Kiswahili sanifu, na kila mmoja anaona kwamba mwenzake anamdhulumu.

Msamiati nao huchangia. Enzi ya filamu, kusafisha picha kulikuwa kazi ya chumba cha giza, na mteja alijua atapokea picha za karatasi. Leo neno hilo likitajwa, mzazi anayekumbuka enzi hiyo hutarajia karatasi mkononi, ilhali kijana wa kamera ya dijitali huelewa kurekebisha rangi na mwanga kwenye kompyuta.

3.0 Mnyambuliko kama dawa

Kile ambacho a-unganifu hukificha, mnyambuliko wa kitenzi hukifichua. Zilinganishwe sentensi hizi:

(d) Alimpiga bibi arusi picha.
(e) Alimpigia bibi arusi picha.

Katika (d), bibi arusi ndiye aliye mbele ya kamera. Katika (e), kiambishi -i- cha kauli ya kutendea kinamfanya awe mtu ambaye kazi ilifanywa kwa ajili yake. Pengine sura yake haimo kabisa, kwa mfano iwapo aliagiza wazazi wake wapigwe picha. Kwa hiyo kitenzi piga kinatupa nafsi tatu zisizochanganyika: anayepiga, anayepigwa na anayepigiwa picha.

Yafaa kukumbuka kwamba anayepigwa na anayepigiwa si lazima wawe mtu mmoja. Arusi nyingi nchini Kenya huendeshwa na kamati, na huenda mzazi au mjomba ndiye aliyeagiza na kumlipa mpiga picha. Hapo maarusi wamepigwa picha, lakini aliyepigiwa ni mwingine.

4.0 Sarufi mbele ya sheria

Sheria za Kenya zimezitenganisha nafsi hizi tatu. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya 2001, mtunzi wa picha ni yule aliyehusika na mpangilio wake. Huyu ndiye anayepiga. Hata hivyo, kazi ikiagizwa na mtu asiye mwajiri wake, hakimiliki huchukuliwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande hizo zikubaliane vingine. Huyu ndiye anayepigiwa. Mpiga picha hubaki na haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi. Kwa hiyo mpiga picha anayedhani kwamba kila kilichotoka katika kamera yake ni mali yake huenda akashangaa. Maarusi nao wanaodhani kwamba kuwa na sura katika picha ni kuimiliki huenda wakakuta kwamba haki imemwangukia mjomba aliyeagiza.

Anayepigwa naye analindwa. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinatambua haki ya faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaweka masharti juu ya kutumia data ya mtu kwa biashara, idhini yake ikiwa msingi mkuu. Mnamo Septemba 2023, Kamishna wa Data aliutoza mkahawa mmoja wa Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuchapisha mtandaoni picha ya mteja bila idhini. Shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto zilizochapishwa bila idhini ya wazazi. Mwenye bustani anayetangaza “picha za bustani yetu” hana budi kuzingatia hayo, hasa pale watoto wanaomsindikiza bibi arusi wanapoonekana.

Wazo hili si geni katika utamaduni wa Waswahili. Katika sherehe za wanawake za arusi za pwani, wanaume hawaingii. Mpiga picha huwa mwanamke, na aghalabu wageni hukatazwa kutumia simu. Desturi hiyo ilimlinda anayepigwa picha kabla ya sheria kuandikwa.

5.0 Pendekezo

Makubaliano ya maandishi, hata ya ukurasa mmoja, yaepuke virai kama picha zetu na picha za arusi. Badala yake yatumie vishazi rejeshi:

(f) Picha zitakazopigwa siku hiyo zitamilikiwa na walioagiza kazi hii, ambao ni maarusi wenyewe.
(g) Mpiga picha ataruhusiwa kuonyesha picha kumi zitakazochaguliwa na maarusi.
(h) Mwenye bustani hataonyesha picha yoyote yenye sura ya mtu bila idhini ya mtu huyo. Sura ya mtoto itahitaji idhini ya mzazi.

Kila sentensi inamtaja mtenda, tendo na mpaka wake. Wenye lugha nyingine nyumbani wataielewa bila mkalimani.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba a-unganifu hubeba maana tatu pale ambapo pesa, heshima na faragha zinahitaji maana moja, na kwamba kauli za kitenzi zinaweza kuzitenganisha. Kiswahili ni lugha rasmi ya Kenya kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha Katiba, lakini urasmi hautoshi iwapo mikataba ya watu wa kawaida haiandikwi kwa Kiswahili kinachoeleweka. Mwanafunzi aliyefundishwa kauli ya kutendea darasani ana ujuzi ambao mpiga picha wa Tuala anauhitaji kabla ya Jumamosi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lenyewe, likiandikwa kwa virai vyenye utata, halitaizuia mali hiyo kupotea.