Rafu ya hatari uwanjani: adhabu hupimwa vipi?

Kigombe ni kijiji cha wavuvi na wakulima katika pwani ya Wilaya ya Muheza, mkoani Tanga. Kijana akivunjwa mguu jioni kwenye ndondo, yaani soka ya mitaani, kesho haendi baharini, na huenda asiende kwa miezi kadhaa. Wanaomtegemea wanaumia pamoja naye. Kwa hiyo rafu ya hatari haiwezi kumalizwa kwa kuambiwa "pole, ndiyo mpira". Ina sheria yake, na kila mchezaji, kocha na mwandaaji wa mashindano anapaswa kuijua.

Ngazi tatu za kosa

Sheria ya 12 ya soka, inayotumika Kombe la Dunia na Uwanja wa Mkwakwani, Tanga, vilevile, inazipanga rafu hivi:

1. Uzembe. Mchezaji hakuwa makini alipomwendea mwenzake. Ni faulo tu, kadi haitoki.
2. Kutojali hatari. Mchezaji ameingia bila kujali kwamba anaweza kumwumiza mwenzake. Ni kadi ya njano.
3. Nguvu kupita kiasi, au kuhatarisha usalama wa mpinzani. Ni kadi nyekundu, awe ameingia kutoka mbele, ubavuni au nyuma, kwa mguu mmoja au miwili.

Utetezi wa "nimegusa mpira kwanza" haumwokoi aliyefika ngazi ya tatu. Mwamuzi hutazama kasi aliyokuja nayo, kama miguu imeacha ardhi, njumu zimeelekea wapi na kama mpira ulikuwa bado unafikika. Tena, rafu ya ngazi hii ikitokea, hapaswi kuacha mchezo uendelee kwa kisingizio cha faida, isipokuwa kuna nafasi ya wazi ya kufunga bao.

Mchangani kuna hatari ya ziada: mmoja kavaa njumu, mwingine anacheza peku. Sheria rasmi inamtaka kila mchezaji avae viatu. Kama viatu havitoshi, manahodha wakubaliane mapema kwamba wote wacheze peku.

Jeraha si kipimo cha kosa

Novemba 2019, Son Heung-min wa Tottenham alimchezea rafu André Gomes wa Everton, na Gomes akaumia vibaya kifundo cha mguu. Mwamuzi alianza na kadi ya njano, kisha akaibadili kuwa nyekundu. Tottenham walikata rufaa, na Chama cha Soka cha Uingereza kikaifuta kadi hiyo. Jeraha lilikuwa kubwa, lakini kinachohukumiwa ni namna mtu alivyoingia.

Kinyume chake pia ni kweli. Rafu mbaya inastahili nyekundu hata kama aliyechezewa ameinuka akakimbia. Msisubiri mfupa uvunjike ndipo mkasirike.

Baada ya kadi nyekundu

Mchezaji anaondoka, timu inabaki pungufu, na mechi inayofuata anaikosa moja kwa moja. Kamati ya mashindano inaweza kuongeza adhabu. Kanuni za nidhamu za FIFA zinataka angalau mechi 2 kwa rafu ya hatari, na angalau 3 kwa kumpiga mtu ngumi, kiwiko au teke. Katika Ligi Kuu ya Tanzania Bara, ripoti za mechi hupitiwa na kamati ambayo mashabiki wanaiita Kamati ya Saa 72. Shirikisho la soka nchini, TFF, nalo lina Kamati ya Nidhamu, na aliyeadhibiwa anaweza kukata rufaa.

Kukusudia kunazidisha adhabu, hata ikijulikana baadaye. Aprili 2001 Roy Keane wa Manchester United alimkanyaga gotini Alf-Inge Haaland wa Manchester City, baba yake mchezaji Erling Haaland. Alipewa kadi nyekundu na kufungiwa. Mwaka 2002 kitabu chake kilipoeleza kwamba alikusudia, alifungiwa mechi 5 nyingine na kupigwa faini ya pauni 150,000.

Mambo ya kuandika kabla ya ndondo kuanza

- Adhabu ya kila ngazi, isomwe mbele ya timu zote.
- Kamati ya watu watatu au watano. Mwenye timu au ndugu kwenye shauri anakaa pembeni.
- Mwamuzi aandike ripoti siku hiyohiyo: dakika, mchezaji, alivyoingia, hali ya aliyeumia.
- Mtuhumiwa asikilizwe na alete mashahidi. Video ya simu ikubaliwe kama ushahidi.
- Muda wa kukata rufaa, na nani ataisikiliza.
- Sehemu ya viingilio iwekwe akiba ya matibabu. Usafiri wa kumpeleka majeruhi hospitali ujulikane kabla ya mechi.

Mtu akiumia

Mguu ukivunjika, usiuvute wala kuunyoosha. Ufunge kwa ubao na vitambaa ukiwa vilevile ulivyo, kisha mpeleke hospitali, Muheza au Bombo jijini Tanga. Mwulize daktari kabla ya kumpeleka kwa mtu wa kukanda.

Akianguka kwa kichwa au shingo, asiinuliwe, asikalishwe, asipandishwe bodaboda. Mtu mmoja akishike kichwa kisitikisike, wengine watafute gari atakalolala chali. Tarehe 24 Machi 2014, katika raga ya wachezaji 13 nchini Australia, Alex McKinnon wa Newcastle Knights alinyanyuliwa na wakabaji wa Melbourne Storm, akatua kwa kichwa. Shingo ilivunjika na mwili ukapooza. Jordan McLean, mmoja wa wakabaji hao, alifungiwa mechi 7. Aliadhibiwa kwa sababu kumnyanyua mtu na kumgeuza kichwa chini ni hatari, hata kama nia haikuwa mbaya.

Kanuni hiyo ya kuadhibu kitendo cha hatari ndiyo ya kushikilia pale mchezaji hodari wa kijiji anapolimwa nyekundu na mashabiki wanamtaka fainali. Wazee, kamati na manahodha wamwache akae nje mechi zake zote. Akirudishwa mapema, kila beki atakuwa ameambiwa kwamba mguu wa mwenzake una thamani ndogo kuliko kombe. Akikaa nje, vijana watajifunza kukaba kwa akili, na waliocheza leo watakuwa na miguu ya kuendea baharini na shambani kesho.