Tembe Chache za Ekstasi Zatosha Kugusa Kumbukumbu ya Maneno

Wakazi wa Raila na vijiji vingine vya Kibera huonywa mara kwa mara kuhusu bangi, chang'aa na muguka. Ekstasi haitajwi sana. Ni tembe, mara nyingi ya rangi ya kuvutia, ambayo vijana humeza kwenye sherehe ili wacheze hadi alfajiri. Dawa iliyomo, MDMA, ni ya jamii ya amfetamini: humchangamsha mtu na kubadilisha namna anavyoona na kuhisi vitu.

MDMA hufanya seli za ubongo zimwage serotonini kwa wingi. Hii ni kemikali inayohusika na hisia, usingizi na kumbukumbu. Huzuni na uchovu wa siku zinazofuata, mtumiaji huujua. Asichokijua ni kinachoyapata maneno.

Nchini Uholanzi, watafiti waliwapima vijana ambao hawakuwa wamewahi kumeza ekstasi lakini walielekea kuanza. Baadaye wakawapima tena, 58 walioanza na 60 ambao hawakuanza. Kipimo kimoja kilikuwa rahisi: unasomewa orodha ya maneno, unayataja papo hapo, kisha unayataja tena baada ya muda. Hapo ndipo walioanza walipobaki nyuma. Kwenye vipimo vingine hakukuwa na tofauti kubwa. Na walikuwa wamemeza, kwa wastani, tembe 3.2 tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2007.

Tusitie chumvi. Alama zao zilikuwa bado za kawaida, na hakuna aliyepoteza uwezo wa kuzungumza. Lakini tembe tatu ni sherehe mbili hivi, na mwanafunzi wa Kidato cha Nne anayesomea mtihani anahitaji kila neno alilofundishwa. Vivyo hivyo kijana wa mjengo anayepewa maagizo kwa mdomo, mara moja tu.

Je, muguka? Kathinoni iliyomo ni jamaa ya amfetamini, ila muguka si ekstasi, na matokeo haya hayauhusu.

Mtu aliyemeza tembe akipandwa na joto kali, akichanganyikiwa au akipata degedege, msimwache alale "ipite". Mkimbizeni Hospitali ya Mbagathi au kituo kilicho karibu, na mwambieni daktari alichomeza. Kwa ushauri kuhusu kuacha, piga simu ya NACADA, 1192, bila malipo. Mzazi pia anaweza kupiga.