Mionzi kwa Maumivu ya Goti

Je, mionzi hafifu yaweza kutuliza goti ambalo gegedu yake imelika? Huko Uholanzi, wagonjwa 55 waligawanywa kwa kura. Baadhi walipigwa mionzi mara 6. Wengine walilazwa chini ya mashine isiyotoa mionzi, wasijue. Baada ya miezi 3, waliopata nafuu walikuwa asilimia 44 kwa 43. Matokeo ya Korea Kusini, mwaka 2025, yalikuwa bora: asilimia 70 kwa 42, baada ya miezi 4.

Lakini tazama: kote kuwili, wagonjwa 4 hivi kati ya 10 walipata nafuu bila mionzi! Kwa hiyo usiuze shamba kwa ushuhuda wa jirani. Imarisha misuli ya mapaja, punguza uzito uliozidi, na umwone daktari.