Picha za Simu na Sahani ya Nyumbani
Kijitabu cha elimu ya afya kwa kaya za Mwakiro, Muyinga na Gitega

Kijitabu hiki kinamhusu kijana anayekataa kula ilhali chakula kipo, anayekula kisha akaenda kujitapisha, au anayemeza vidonge ili anenepe hapa na si pale. Swali litakalokuja kwanza tunalijua. Uchunguzi wa afya wa taifa wa 2016–2017 ulikuta kuwa katika Burundi watoto 56 kati ya 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Katika nchi yenye hali hiyo, nani ana nafasi ya kumhangaikia anayeacha sahani kwa hiari yake?

Ukweli ni kwamba haachi kwa hiari. Ni mgonjwa. Na penye upungufu wa chakula ndipo ugonjwa wake unapopata pa kujificha, kwa sababu binti akikonda kila mtu ana maelezo yake: njaa, minyoo, malaria, mimba, uchawi. Mwenyewe anasema, "Mama, nimeshakula kwa shangazi," na shangazi haulizwi. Jioni anamega tonge la ugali, analichovya kwenye maharage, analizungusha vidoleni mpaka linapoa, kisha anamsogezea mdogo wake sahani. Nyumba nzima inamsifu kwa ukarimu.

Mwili wa mwanamke kupimwa na kuhukumiwa si jambo geni katika eneo letu. Ukivuka mpaka wa Kobero ukapita Ngara, unafika Karagwe. Mwishoni mwa 1861 Mwingereza John Hanning Speke alipokewa huko na mfalme Rumanyika, akawakuta wanawake wa ukoo wa kifalme walionenepeshwa kwa maziwa hata wakashindwa kusimama wima. Alimpima mmoja wao. Mzunguko wa mkono wake peke yake ulikuwa inchi 23. Karibu naye alikaa binti yake wa miaka 16 akinywa maziwa chunguni, na baba yake ameshika fimbo ili asiache.

Leo umbo linalotakiwa ni jingine, na anayelidai anapitia kwenye simu. Kwa miaka mingi wengi wetu tulikuwa na redio tu, na redio haioneshi kiuno cha mtu. Sasa video za muziki na picha za WhatsApp, Facebook na TikTok zinaingia hadi vilimani: kiuno cha nyigu, nyonga pana, ngozi nyeupe isiyo na doa hata moja. Binti anajitazama kwenye kioo kidogo cha ukutani, anajiona ana kasoro. Hajaambiwa kwamba programu ya simu hupunguza kiuno na kung'arisha ngozi kwa mguso mmoja wa kidole. Ufaransa, tangu Oktoba 2017, tangazo la biashara lenye picha ya mwanamitindo aliyepunguzwa au kuongezwa mwili kwa kompyuta lazima liandikwe kwamba picha imerekebishwa. Picha zinazofika Mwakiro hazina maandishi hayo, kwa hiyo mzazi ndiye wa kumwambia.

Ushahidi upo. Huko Fiji, ambako mwili mnene ulisifiwa kama ulivyosifiwa kwetu, televisheni ilifika wilaya ya Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker na wenzake waliwahoji wasichana wa shule mara ilipofika, wakahoji wengine mwaka 1998. Mara ya kwanza hakuna hata mmoja aliyesema hujitapisha ili apungue. Miaka mitatu baadaye walikuwa 11 katika kila 100. Karibu zaidi nasi, utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wasichana na wanawake 214 wa Tanzania ulikuta kwamba matatizo ya ulaji yalikwenda sambamba na kuangalia zaidi vyombo vya habari.

Vidonge vya kunenepesha ndivyo vinavyotutia hofu zaidi. Katika Kongo, jirani zetu, wasichana humeza deksamethasoni na siproheptadini ili waongeze mwili na makalio, na vidonge hivyo havijui mipaka ya nchi. Siproheptadini ni dawa ya mzio. Huleta usingizi na hamu ya kula. Deksamethasoni ni dawa ya maana mikononi mwa daktari, lakini ikimezwa ovyo huvimbisha uso, hupandisha sukari na presha, hudhoofisha mifupa na kuuacha mwili bila nguvu ya kupambana na maambukizi. Unene anaoufurahia ni mwili unaoharibika. Aliyeimeza kwa wiki nyingi asiiache ghafla: mwili wake huwa umeacha kutengeneza homoni inayofanana na dawa hiyo, na kukatisha kwa siku moja kunaweza kumwangusha, hata kumuua. Mpelekeni kituo cha afya pamoja na vidonge vyenyewe, hata kama havina maandishi.

Mgonjwa wa ulaji utamtambua kwa mambo madogo yanayojirudia. Haketi tena kula na wenzake. Kila baada ya chakula anakwenda chooni na kukaa huko. Ana makovu juu ya vifundo vya vidole, pale meno yanapogusa mkono unaoingizwa kooni. Meno yanaisha kwa asidi ya matapishi. Anavaa sweta juani kwa sababu anahisi baridi. Hedhi imekatika na hana mimba. Wavulana nao wamo, wanaojinyima au kula kupita kiasi wakitafuta kifua cha mtu wa kwenye video, na hao huchelewa zaidi kutambuliwa kwa kuwa hakuna anayewadhania.

Salamu zetu nyingi huanzia mwilini. "Umenenepa, maisha mazuri!" "Mbona umekonda, unaumwa?" Anayesema anasema kwa upendo, lakini mgonjwa hulala na neno hilo usiku kucha. Muulizeni habari za masomo, za rafiki zake, za shamba. Msimlinganishe na dada yake. Baba asimwambie anaringa, na asimpige kwa sababu ya chakula. Mara nyingi shangazi ndiye anayeweza kufungua mlango ambao mama ameshindwa. Aanze na alichokiona bila kushtaki: "Mwanangu, naona siku hizi huli nasi, na nina wasiwasi nawe." Kisha anyamaze, amsikilize. Huenda asijibu siku hiyo, arudi tena.

Jambo moja msilifanye hata kwa nia njema: aliyekaa siku nyingi bila kula asijaziwe chakula kwa mkupuo. Mwili uliozoea njaa ukipokea chakula kingi ghafla, madini ya damu huyumba na moyo unaweza kusimama. Aliyekonda sana apelekwe hospitali, arudishwe kwenye chakula kidogo kidogo chini ya uangalizi.

Wa kwanza kumwendea ni mremeshakiyago, yaani mhudumu wa afya wa jamii, wa kilima chenu, yule yule anayewapima watoto mkono. Atawaelekeza kituo cha afya. Mwambieni muuguzi wazi kwamba anakataa kula au anajitapisha, msiseme tu kwamba amekonda, la sivyo atatibiwa minyoo na kurudishwa nyumbani. Ugonjwa huu una tiba, na sehemu kubwa ya tiba hiyo ni mazungumzo. Kituo cha magonjwa ya akili cha Kamenge, Bujumbura, hupokea wagonjwa, na kwenda huko si aibu ya ukoo.

Akizimia, moyo ukienda ovyo, akitapika damu, au akisema hataki kuishi, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali usiku huo huo.