Filamu za Kukwea Majabali: Ukweli ni Upi?

Muhula uliopita mwenzetu mmoja alitoka kwenye kibanda cha video hapa Oldonyiro akiwa Stallone mtupu. Jioni hiyohiyo alichukua kamba ya kutekea maji, akaifunga kwenye mgunga na kuanza kushuka jabali. Kamba haikukatika. Ilimchoma viganja, akaiachilia, akavunjika mkono. Ndiyo sababu nimeonelea tuzichunguze filamu hizi.

Aliyoitazama ni Cliffhanger, ya mwaka 1993. Mwanzoni mshipi wa msichana unafunguka akiwa juu ya bonde, naye anaanguka. Kumbe mshipi ule ulidhoofishwa makusudi kwa ajili ya filamu, na maandishi ya mwisho yanaeleza hivyo. Lakini nani kati yetu huyasoma? Wakati huo sote tunagombania mlango! Kuna pia bunduki ya kupiga misumari mwambani kufumba na kufumbua. Mkweaji wa kweli hupigilia msumari wake polepole kwenye ufa, au hutoboa mwamba kwanza, kisha anaujaribu kabla ya kuuamini. Na Stallone kubaki na fulana kwenye theluji, jamani! Sisi hapa Julai asubuhi twajifunika shuka.

Filamu za mapango nazo ni yaleyale. Pango la The Descent (2005) lilijengwa studioni Uingereza. Ndani ya pango la kweli, taa ikizimika huoni hata kidole chako. Tembo wa pango la Kitum, Mlima Elgon, huingia humo kutafuta chumvi wakipapasa kwa mikonga.

Sasa tazama kisa cha kweli cha jirani zetu wa Nanyuki. Januari 1943 mateka watatu Waitaliano, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya Waingereza ili wakwee Mlima Kenya. Hawakuwa na ramani. Picha ya mlima waliipata kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Nyundo walizigeuza sululu za barafu, vyuma chakavu wakavifanya meno ya kufunga chini ya viatu, na kamba zilitoka kwenye katani ya vitanda vyao. Maandalizi hayo yalichukua miezi. Hata hivyo, Barsotti aliugua njiani, na wenzake wawili walishindwa na kilele cha Batian kwa sababu ya theluji. Walifika Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera, kisha wakarudi kambini wenyewe, njaa ikiwauma. Walihukumiwa siku 28 za kifungo cha upweke, wakatumikia 7. Mwaka 1994 kisa hicho kilitengenezewa filamu, The Ascent.

Nilimsimulia mwenzetu haya yote. Plasta ilitolewa wiki jana, na bado ananiuliza kamba ya katani ya wale Waitaliano ilikuwa nene kiasi gani.